Postikadi za Zamani kama Chanzo cha Historia ya Ukoo: Uchunguzi wa Kiisimu Kuhusu Karema na Mpanda

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa Afrika ya Mashariki wamezitumia barua, shajara na masimulizi ya wazee kwa muda mrefu. Postikadi hazikupewa nafasi hiyo. Aghalabu zimeachiwa wakusanyaji wa stempu na wachuuzi wa picha, au zimetazamwa kama ushahidi wa fikra za wakoloni tu. Mtazamo huo wa pili una uzito wake, na kazi ya Malek Alloula iliyotolewa Ufaransa mwaka 1981 kuhusu postikadi za wanawake wa Algeria iliwaonyesha wengi jinsi kadi ndogo inavyoweza kubeba dhuluma kubwa. Hata hivyo, mjukuu anayemtafuta babu yake hatosheki kuambiwa kuwa mpiga picha alikuwa na dharau. Anataka kujua aliyepigwa picha alikuwa nani.

Makala haya yanajadili jinsi ujuzi wa isimu unavyoweza kumsaidia mtafutaji wa namna hiyo. Eneo linaloangaliwa ni lile ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi, hususan Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika na mji wa Mpanda. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu historia ya koo zake imekatika mahali pengi. Karema ilianzishwa kama kituo mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe. Sehemu ya watu waliojenga makazi ya misheni walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani. Walitoka pande mbalimbali, wakabatizwa, wakaoana, wakapewa mashamba. Watoto wao walikuwa na nyumba, kanisa na jina, lakini wengi hawakuwa na kijiji cha kurejea pale walipoulizwa, "Kwenu wapi?"

Kisha zikaja hama nyingine. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwahamisha wakazi wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika zilizokuwa na malale na kuwakusanya katika makazi machache. Kati ya 1973 na 1976 ikaja operesheni ya vijiji. Kutokana na hayo, jina la mahali lililoandikwa kwenye kadi ya mwaka 1910 huenda leo ni jina la pori.

2.0 Tarehe Tatu za Kadi Moja

Postikadi ya kwanza rasmi ilitolewa Austria mwaka 1869, na baada ya Umoja wa Posta Duniani kuundwa mwaka 1874 kadi ziliweza kuvuka mipaka ya nchi kwa nauli nafuu. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani posta zilifunguliwa mwaka 1890, Dar es Salaam na Bagamoyo. Kadi zenye picha zilifuata, nyingi zikichapwa Ulaya kutokana na picha zilizopigwa huku na watu kama C. Vincenti na Walther Dobbertin, wote wenye studio Dar es Salaam.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kwamba kadi ina tarehe moja. Kadi ina tarehe ya picha kupigwa, tarehe ya kuchapwa, na tarehe ya kutumwa. Muhuri wa posta hutoa ile ya tatu tu. Picha inaweza kuwa na umri wa miaka kumi au zaidi wakati kadi inapotiwa posta, na mchapaji aliweza kuitumia picha ileile tena na tena chini ya maelezo tofauti. Kwa hiyo mjukuu anayesema, "Kadi ni ya 1912, babu alikuwa na miaka ishirini, basi huyu ndiye," amefanya hesabu sahihi juu ya tarehe isiyo sahihi.

Mahali ambapo muhuri umefutika, mgongo wa kadi husaidia. Kabla ya miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, mgongo ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu ziliandikwa upande wa picha, zikibanwa pembeni au hata juu ya mbingu. Kadi zenye mgongo uliogawanywa kwa mstari ziliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Ujerumani mwaka 1905.

Stempu nayo inasema, na hapa mwanaisimu anaingia nyumbani kwake. Stempu za koloni la Wajerumani ziliandikwa thamani kwa pesa hadi mwaka 1905, ambapo zilianza kuandikwa kwa heller. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Katika mfumo mpya ikawa heller 100. Basi kadi yenye stempu ya pesa ni ya mfumo wa zamani, na yenye heller ni ya mfumo mpya. Kiswahili kimeyahifadhi maneno yote mawili, *pesa* yenye asili ya Kihindi na *hela* yenye asili ya Kijerumani, na mzungumzaji wa leo huyatumia bila kufikiri kwamba yaliwahi kupokezana kwenye pembe ya kadi. Baada ya hapo, stempu za twiga za mwaka 1922 zinatumia senti na shilingi, na tangu mwaka 1935 zinafuata stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kuna mtego mmoja unaohusu ziwa hasa. Majeshi ya Kibelgiji yalipoiteka Kigoma na Tabora mwaka 1916, kadi za posta za Kongo ya Wabelgiji zilipigwa chapa juu yake kuonyesha kwamba sasa zinatumika katika eneo la Wajerumani lililokaliwa na Wabelgiji. Picha zilizokuwamo hazikubadilishwa. Zilibaki picha za Kongo. Mtu anayeiona chapa hiyo pamoja na muhuri wa Kigoma, akaona na kundi la wanawake kando ya mto, atasadiki kwamba hao ni watu wa Tanganyika. La hasha. Muhuri na chapa ni vya huku. Watu ni wa kule.

3.0 Maelezo Yaliyo Chini ya Picha

Maelezo mafupi yanayochapwa chini ya picha ndiyo matini inayosomwa sana na kuaminiwa mno. Yanahitaji kuchambuliwa kwa namna mbili: tahajia na maana.

Kuhusu tahajia, kila taifa liliandika majina ya Kibantu kwa mazoea ya lugha yake. Wajerumani waliandika *Udjidji* kwa Ujiji, *Bagamojo* kwa Bagamoyo, na *Kilimandscharo* kwa Kilimanjaro. Wafaransa, ambao ndio muhimu kwa Karema, waliandika sauti /u/ kwa *ou*. Hivyo Ufipa ni *Oufipa*, na nchi zote zenye kiambishi *U-* zinahamia kwenye herufi O katika faharasa. Nazali inayojitegemea, kama ile ya mwanzo wa *Mpanda*, iliwatatiza wote, na mara nyingi ilitengwa kwa kistari cha juu: *M'panda*. Mtafutaji anayefungua orodha ya nyaraka kwa herufi moja tu na kukata tamaa hajatafuta. Inafaa aandike kwanza jina kwa namna zote ambazo sikio la Mfaransa, la Mjerumani na la Mwingereza lingeweza kulinasa, ndipo aanze kazi.

Pia abadilishe jina la eneo kwa kadiri ya utawala. Mpanda imewahi kuwa chini ya Jimbo la Magharibi, ikawa chini ya Tabora, ikatiwa katika Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, na sasa ni makao ya Mkoa wa Katavi. Kadi na picha hazihami na mipaka. Zilizopangwa kwenye majalada ya Tabora zimebaki Tabora.

Kuhusu maana, tatizo ni majina ya makabila. Ngeli ya *m-/wa-* haikueleweka na wachapaji, na umbo la wingi lilitumika hata kwa mtu mmoja: picha ya mwanamume mmoja inaitwa *Wanyamwezi*. Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kwamba jina lenyewe mara nyingi halikuwa la kabila. Katika biashara ya misafara, Mnyamwezi aliweza kuwa mpagazi yeyote kutoka bara, kwa kuwa Wanyamwezi ndio waliosifika katika kazi hiyo. Chini ya jina hilo angeweza kuwamo Mkonongo, Mbende, Mpimbwe au Mfipa. Vivyo hivyo *Suaheli* lilimfaa mtu yeyote wa mjini aliyevaa kanzu. Maelezo ya namna hii yanapaswa kusomwa kama majina ya kazi, mavazi au mahali pa picha, hadi ushahidi mwingine uthibitishe ukoo.

Upungufu unaouma kuliko yote ni ukimya. Jina la mtu halipo. Mzungu aliyemo pichani hutajwa. Waliosimama pembeni yake ni "wenyeji", "aina za watu", "watoto wa misheni". Kadi za misheni ziliuzwa Ulaya ili kuchangisha fedha, na mnunuzi wa Lille au Köln hakuhitaji kujua jina la baba wa mtoto. Alihitaji kuona mtoto.

Kwa upande huu Karema ina mtu anayetofautiana na desturi. Adrien Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger mnamo 1866, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe nchini Algeria mwaka 1876. Alisomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, na akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1946. Picha ya Atiman haihitaji kubahatishwa, kwa sababu kuna masimulizi yake mwenyewe ya kuilinganisha nayo. Hii ndiyo tofauti kati yake na mamia ya waliokombolewa kama yeye. Wao pia walikuwa na safari za kusimulia, hawakupata jarida.

4.0 Majina ya Ubatizo

Ikiwa kadi ina jina, mara nyingi ni la ubatizo, na mtafutaji hulikimbilia kitabu cha ubatizo. Ni njia nzuri, lakini ina mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni la sarufi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kilatini, na Kilatini hubadilisha mwisho wa nomino kulingana na uamilifu wake katika sentensi. Tazama mfano:

(1) *Josephus, filius Petri et Mariae*

Maana yake ni "Josefu, mwana wa Petro na Maria". Umbo *Petri* ni la umiliki, na jina la baba ni *Petrus*, yaani Petro. Mtu asiyejua hayo atanakili kwamba babu yake aliitwa Petri na bibi yake Mariae, kisha atakwenda kumtafuta Petri mahali pengine asimpate. Utata unazidi kwa sababu Kiswahili chenyewe huongeza irabu mwishoni mwa majina ya kigeni: *Karoli*, *Yosefu*, *Paulo*. Kwa hiyo irabu *-i* iliyo mwishoni inaweza kuwa alama ya umiliki ya Kilatini, au irabu ya Kiswahili tu. Umbo peke yake haliamui; nafasi ya jina katika sentensi ndiyo inayoamua. Jina lilelile la Atiman huonekana kama *Adrien*, *Adrian* au *Adriano*, kutegemea aliyeshika kalamu, na watu hao watatu ni mtu mmoja.

Shimo la pili si la sarufi. Katika misaada ya Kikatoliki ya karne ya kumi na tisa, hususan ile ya Utoto Mtakatifu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, mfadhili aliyelipia mtoto aliweza kuchagua jina la ubatizo. Basi jina la mtoto aliyekombolewa laweza kuwa kumbukumbu ya mjomba wa mtu fulani huko Ubelgiji. Kwa kawaida ya jamii nyingi za eneo hili, jina la mjukuu humrudisha babu nyumbani. Ndivyo ukoo unavyojisoma. Katika kadi za watoto wa misheni kanuni hiyo haishiki kwa kizazi cha kwanza. Inaanza kushika kwa kizazi cha tatu, pale waliokombolewa walipokuwa wao wenyewe mababu wa kurithiwa majina. Ukoo wa Karema unaorithishana jina la Kifaransa kwa vizazi vinne haujaiga Wafaransa. Unafuata desturi ya Kibantu kwa jina lililopatikana.

Jina la asili, pale lilipoandikwa kando ya lile la ubatizo, ni hazina. Umbo lake linaweza kupendekeza lugha ya mama, ingawa kwa tahadhari, kwa kuwa majina nayo husafiri.

5.0 Salamu za Nyuma ya Kadi

Kadi zilizoandikwa na Waafrika wenyewe ni chache kwa miaka ya mwanzo, na zinaongezeka kadiri shule zilivyoenea. Zinastahili kusomwa polepole.

Barua ya Kiswahili ina mapokeo yake marefu, kama zinavyoonyesha barua za hati ya Kiarabu alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892. Ina mlango na ukumbi: anwani ya heshima, salamu, habari za uzima, ndipo "baada ya salamu", ndipo haja. Nafasi ya kadi haitoshi kwa ukumbi wote. Mwandishi analazimika kuchagua cha kuacha, na uchaguzi huo unaeleza uhusiano. Mdogo anayemwandikia mkubwa ataacha habari zake lakini hataacha *shikamoo*. Kadi inayoanza kwa *shikamoo* inatoka chini kwenda juu kwa umri au cheo. Hilo ni jambo la hakika kuliko mengi yaliyo upande wa picha.

Istilahi za ujamaa ndizo zinazopotosha. Linganisha:

(2) a. Ndugu yangu, mimi mzima.
b. Ndugu yangu, tumbo moja, mimi mzima.

Katika (2a) *ndugu* anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, mtu wa kijiji kimoja, au muumini mwenzake. Mfasiri wa Kizungu atamwita kaka, na msukwa wa ukoo utaongezewa tawi lisilokuwapo. Vilevile *baba* ni mzazi, ni baba mkubwa au mdogo, na katika mazingira ya misheni ni padre. *Mama* hubeba vivyo hivyo. Mtafutaji asichore mstari wowote kwa neno moja. Atafute kwanza neno linalobana maana: *mkubwa*, *mdogo*, *mzaa*, *shangazi*, *mjomba*. *Mjomba* na *shangazi* ni mashahidi wazuri kwa kuwa yanataja upande wa mama au wa baba, ila nayo hutumika kwa heshima tu mjini.

Tahajia ya mwandishi pia ni alama. Lugha nyingi za Kibantu za magharibi mwa Tanzania hazitofautishi /l/ na /r/ kama fonimu, na anayezizungumza huweza kuandika *baluwa* kwa *barua* au *habali* kwa *habari*. Mwalimu wa shule huliita kosa. Kwa mtafuta ukoo ni nyayo. Lakini ni nyayo za nani? Wazee wengi waliandikiwa na wengine: mtoto wa shule, katekista, karani. Matamshi yaliyo kwenye karatasi ni ya aliyeandika, na haja ni ya aliyetuma. Iwapo kadi mbili za mtu mmoja zina miandiko miwili na tahajia mbili, yamkini waandishi walikuwa wawili.

Mwisho kuna anwani. Kwa kuwa posta haikupeleka barua mlangoni, anwani nyingi hazitaji nyumba, zinataja taasisi au mtu: misheni, shule, mwajiri, duka. Maneno *kwa mkono wa* yanayotangulia jina la mpokezi wa kati ni ya thamani kubwa. Mtu hapewi barua ya mwingine ovyo. Huyo aliyetajwa alikuwa jirani, mkwe, mwenye duka aliyeaminiwa, au bwana wa kazi, na huenda nyumba yake ndiyo iliyotunza kumbukumbu ambayo nyumba ya mlengwa imeipoteza.

6.0 Picha za Studio na Mji wa Madini

Mpanda mjini ina historia nyingine kabisa. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa 210, ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kwa miaka hiyo michache mji ulivuta vibarua, mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka mbali. Mgodi ulipofungwa wengine waliondoka, wengine walibaki na kuoa.

Katika kipindi hicho studio za Afrika ya Mashariki zilitumia sana karatasi ya picha yenye mgongo wa postikadi, iliyochapwa tayari mahali pa stempu na pa anwani. Mteja alijipiga picha, na picha ikatoka ikiwa kadi. Nyingi hazikutiwa posta. Zilitiwa kwenye bahasha, au kupewa msafiri, au kutundikwa ukutani. Hizi ndizo postikadi zilizo nyingi katika nyumba za watu, wala wenyewe hawaziiti postikadi. Huziita picha. Tofauti yake na kadi za Dobbertin au za misheni ni ya msingi: aliyepigwa alilipa, akachagua nguo na mkao, na akajua inakwenda kwa nani. Saa ya mkononi iliyogeuzwa ili ionekane, redio iliyowekwa mezani, hizo ni kauli. Kibarua wa mgodi alikuwa akiwaambia wazazi kwamba kazi ipo.

Nembo ya kampuni ya karatasi, kwa mfano Velox au Gevaert, imechapwa katika kisanduku cha stempu na husaidia kukadiria miaka. Muhuri wa studio, ukiwapo, hutaja mji. Na penseli hafifu pembeni, pengine jina moja na mwaka, ina thamani kuliko vyote hivyo.

Makusanyo makubwa ya picha yamewekwa katika mtandao na vyuo vya nje, yakiwamo ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwanafunzi wa Mpanda anaweza kuyatazama bila nauli. Zile zilizomo majumbani hazina faharasa yoyote. Zinapokusanywa, vijana huzipiga picha kwa simu upande wa mbele tu na kumrudishia mzee kadi yake, au kuibandika kadi yenyewe kwa gundi katika albamu mpya, mgongo chini. Gundi hiyo ndiyo inayofunika penseli. Utaratibu ufaao ni kunakili pande zote mbili kabla ya jambo lolote, kisha kumkalisha mwenye kadi na kumwachia aitaje kila sura kwa istilahi zake mwenyewe za ujamaa, bila kumtafsiria, na kuandika kwanza *mjomba*, *bibi mzaa baba*, *yule wa Karema* kama alivyotamka. Jina rasmi litafutwe baadaye.